Acha Kuwa Mpangaji kwa Laptopu Yako

Wacha niseme tu: wengi wetu ni wapangaji kwa laptopu zetu wenyewe. Programu ikikosa kitu, tunangoja mwenye nyumba aamue. Ndiyo maana mimi huandikia kwa Emacs. Ndiyo, ile ya GNU iliyotoka 1985, imetuzidi umri. Ni ya bure, na ukijua Lisp kidogo tu, unaiongezea chochote unachotaka.

Mfano. Mimi huposti sehemu nyingi, na kila sehemu iko na kipimo chake cha herufi. Unaweza kuandika "kama ni X fanya hivi, kama ni YouTube fanya vile" mpaka jua litue. Mimi niliweka zote kwa orodha moja yenye majina, wenyewe huiita alist:

(setq vipimo '(("x" . 280) ("youtube" . 100) ("instagram" . 2200) ("sms" . 160)))

Kila jina na namba yake, vile tu simu huhifadhi watu. Funksheni yangu inaniuliza naposti wapi, inatafuta jina, inahesabu nilichoandika, kisha inaniambia nipunguze herufi ngapi. Twitter ilipotoka 140 kwenda 280 mwaka 2017, mwenye orodha kama hii angebadilisha namba moja pekee.

Sasa shika hii, itakuokolea usiku mzima. Jina likiwa maandishi, alist-get ikiachwa hivyo tu itakujibu nil, yaani hakuna, na jina liko hapo mbele yake! Sababu ni kwamba inauliza kama ni kitu kilekile kwenye memori, si kama herufi zinafanana. Iambie itumie equal:

(alist-get "x" vipimo nil nil #'equal)

Ukitaka kujaribu kipimo kipya, usifute cha zamani. Sukuma jozi mpya mbele kwa push. Emacs hutafuta kuanzia mbele na kusimama kwa jina la kwanza linalolingana. Ukibadili mawazo, pop, na cha zamani kinarudi kazini.

Hii haihitaji digrii wala laptopu ya bei kali, na ikishaingia kwa mashine haikuli bando. Watu wanatuambia kila siku tujifunze teknolojia, halafu wanatufundisha kubonyeza tu. Kubonyeza ni kulipa kodi ya nyumba. Anza na orodha moja ya majina, ya kitu unachofanya kila siku, na upige msumari ukutani bila kuomba mtu ruhusa.