Mzimu Atembeaye

Mashujaa wa katuni za Marekani hawajui kufa. Superman aliuawa mwaka 1992, katika toleo la 75 la jarida lake. Watu walipanga foleni kununua nakala zilizotiwa ndani ya mfuko mweusi wenye nembo inayochuruzika damu, na mwaka 1993 haukuisha kabla hajarudi. Jason Todd, kijana aliyevaa joho la Robin baada ya yule wa kwanza, alihukumiwa kwa simu: mwaka 1988 wasomaji walipewa namba mbili, moja ya kumwua na nyingine ya kumwokoa. Waliotaka afe walikuwa 5,343 na waliotaka apone 5,271. Kura 72 tu ndizo zilizompeleka kaburini, na bado mwaka 2005 waandishi wakamfukua.

Marehemu kaka yangu hakuwahi kuwasamehe kwa hilo la kumfukua. Kifo chenyewe alikuwa keshakikubali. "Sasa mimi nililia nini?" alikuwa akiuliza, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya wageni waliokuja kunywa chai tu.

Alitangulia kuja Sweden, mimi nikamfuata. Aliishi Hallonbergen, ndani ya Sundbyberg, manispaa ndogo kuliko zote nchini humu, kama kilometa tisa za mraba za majengo yaliyobanana. Kituo cha treni cha pale kimechorwa kutani michoro kama ya watoto wadogo, vichwa vikubwa na miguu ya njiti, naye alidai kwamba hiyo ndiyo sababu alikipenda kitongoji kile siku ya kwanza. Sikuwahi kujua kama alikuwa anatania. Kiswidi alijifunza kwa jarida la Fantomen, si kwa darasa. Alikuwa akinunua matoleo makuukuu kwenye masoko ya mitumba, kamusi pajani, akisoma maneno ya jambazi kwa sauti ya jambazi. Matokeo yake, kwa muda mrefu Kiswidi chake kilikuwa kizuri sana cha kutishia watu na kibaya cha kuomba miadi ya daktari.

Fantomen, Mzimu Atembeaye, ndiye yule Phantom wa Lee Falk, aliyeanza kuchapishwa katika magazeti ya Marekani tarehe 17 Februari 1936. Kwao wengi wamekwisha kumsahau. Huku Sweden jarida lake lilianza 1950, na tangu 1963 Waswidi wakaanza kutunga na kuchora visa vyao wenyewe. Kampuni ya Semic iliyokuwa ikimchapisha ilikuwa hapahapa Sundbyberg katika miaka ya 1980. Fungua toleo la wakati huo, tazama maandishi madogo karibu na pini zilizoshika kutu, utaona jina la mji huu. Kaka alikuwa akinionyesha kwa ukucha kila alipopata nafasi. Mzimu wa porini mwa Afrika, ofisi yake iko jirani na stesheni!

Naam, porini mwa Afrika, ingawa hapo mwanzo hapakuwa Afrika. Nchi yake ya kubuni, Bangalla, ilianza ikiwa upande wa Asia, kisha baadaye ikahamia bara letu bila mtu kufunga mzigo. Mbilikimo wa Bandar wanaomlinda walihama nayo. Mimi niliona hilo ni dharau: mzungu aliyevaa nguo ya kubana, amekaa juu ya kiti cha fuvu, anaamua kesi za watu weusi. Kaka hakunipinga. Alisema dharau ameiona, na kwamba mtu anaweza kuiona na bado akataka kujua toleo lijalo lina nini. Tulikuwa tukibishana hivyo hadi chai inapoa, na kila mmoja alijua mwenzake atasema nini.

Kilichomfunga kwa Mzimu Atembeaye ni namna anavyokufa. Kisa chenyewe ni hiki: mwaka 1536 maharamia wanamwua nahodha mmoja, mwanawe anaokolewa ufukoni, na juu ya fuvu la muuaji wa baba yake anaapa kupigana na uharamia, yeye na wanawe baada yake. Yule tunayemsoma ni wa ishirini na moja. Dunia inadhani ni mtu mmoja asiyekufa, lakini wote waliotangulia wamelazwa ndani ya pango, na habari zao zimeandikwa katika vitabu vikubwa vilivyopangwa rafuni humo humo. Baba akifa, mtoto anamzika, anavaa pete na barakoa, anatoka. Wa ishirini hafufuliwi na mtu yeyote, na wa kumi na tisa habadilishiwi maisha aliyokwisha kuishi. Kaka alikuwa akisimama kwenye kituo cha Rissne, ambako historia ya dunia imeandikwa kutani pande zote mbili pamoja na ramani, akiutafuta mwaka 1536, halafu anawalaumu wachoraji kwa kumwacha nahodha.

Mimi nilikuwa mtu wa Spider-Man, na msiba wangu ulikuwa wa namna nyingine. Peter Parker alimwoa Mary Jane mwaka 1987. Miaka ishirini baadaye waandishi waliona ndoa inamzeesha, basi wakamleta shetani Mephisto: ili shangazi May apone risasi, wawili hao wanakubali ndoa yao ifutwe. Hawakupewa talaka wala hakuna aliyefiwa. Ilifutwa tu, hata wenyewe wasikumbuke kwamba waliwahi kuoana. Miaka ishirini niliyoisoma ikabaki kichwani mwangu na vichwani mwa wasomaji wenzangu.

Nilipomsimulia kaka alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akanikumbusha majarida ya Sani tuliyokuwa tukigombania utotoni Tanga: Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge na visa vyao. Mchoraji Philip Ndunguru alifariki katika miaka ya 1980, mikono mingine ikawachukua wale wahuni ikaendelea nao, nao wakawa walewale na si walewale. Kaka alidai anaweza kutofautisha mkono kwa kuangalia vidole vya miguu tu. Lee Falk naye aliandika hadi alipofariki mwaka 1999, na Mzimu haukukosa kutembea.

Kaka amezikwa hapa Stockholm. Tulisoma hitima katika sebule yake, viatu vimejaa hadi kwenye lifti, na wazee walioketi sakafuni waliegemea masanduku yake ya katuni bila kujua wameegemea nini. Watu walinipa mkono wakaniambia mimi sasa ndiye mkubwa. Hilo limekuwa gumu kwangu, kwa sababu pete na barakoa sikuachiwa. Nimeachiwa madeni mawili, funguo za chumba cha chini na kumbukumbu ambazo hakuna tena wa kunisahihisha. Juzi nilikuwa nikimsimulia mtu jinsi tulivyoiba Sani kwa kinyozi, nikasita: tuliiba mbili au moja? Yeye alikuwa akisema mbili. Nilikuwa nikibisha. Sasa nasema mbili.

Binti yake, wa miaka kumi na sita, ameanza kushuka chumba cha chini. Hana huzuni ya kuonekana, ila hoja anazo. Mzimu wa ishirini na moja alioa mwaka 1977 na akazaa pacha, Kit na Heloise. Marehemu alishikilia kwamba Kit ndiye atakayerithi pango, kwa kuwa ndiyo desturi. Binti ananiletea Julie, dada pacha wa yule wa kumi na saba, aliyevaa nguo za kaka yake na kufanya kazi yote mwenyewe. Namjibu kama baba yake angejibu, kwamba Julie alishika zamu tu kaka yake alipokuwa hajiwezi. Anasema zamu ni zamu, na kwamba nisimjibu kwa maneno ya baba, nijibu kwa yangu. Nimemwambia kwanza anitafutie hilo toleo, limo katika sanduku lililo chini kabisa, tusome kisha ndipo tubishane.