Mama Hanywi Maji Akienda Sokoni

Dada mmoja wa Dar, msanifu majengo, juzi kawekewa mezani ramani ya soko jipya. Vyoo sawa kwa sawa, wanaume na wanawake ukubwa uleule. Bosi akasema, "Si ndo usawa huo?"

Dada akanyamaza. Alimkumbuka mama yake, aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua. Siku nzima mama hanywi maji, maana choo kilikuwa nyuma, gizani, hakina komeo.

Akamwonyesha bosi: eneo lilelile, wanaume wanasimama ukutani wengi kwa mpigo, wanawake wanapanga foleni. Tena ana mtoto mgongoni, ana hedhi.

Akamsimulia ya Vienna, Austria. Miaka ya 1990 waligundua wasichana wakikaribia miaka 10 wanatoweka kwenye bustani za umma, wavulana wanabaki. Hakuna aliyewakataza, mpangilio ndio uliwafukuza. Bustani zikaanza kupangwa upya, wasichana wakarudi.

Bosi kakubali taa na komeo. Idadi ya vyoo bado wanabishana.

Mama sasa ni mzee, kapumzika biashara. Lakini akitoka nyumbani, mpaka leo hanywi maji.