Kiapo cha Dagaa

Mtoto wa pwani hudhani kwamba kila samaki ni jamaa yake. Kiburi hicho ndicho kilichonitia haya Geita, nilipokwenda kumzuru shemeji yangu mwenye duka la vyakula.

Siku moja alisafiri kwenda Shinyanga kununua mchele, akaniachia duka. Palikuwa na gunia la dagaa wakavu, wadogo, wanaong'aa kama fedha. Wakaja vijana watatu, wachimbaji wa dhahabu kutoka Nyarugusu, mmoja akauliza, "Mzee, hawa ni wa wapi?" Nikawatupia jicho mara moja tu. "Wallahi, hawa ni dagaa mchele wa baharini. Nimewala tangu utotoni." Wakanunua, tena kwa bei niliyoipandisha kwa ajili ya jina hilo.

Walipokwisha ondoka, bibi mmoja aliyekuwa ameketi barazani akachukua dagaa wawili, akawatia katika kikombe cha maji hata wakalainika. "Tazama mdomo, baba," akaniambia.

Nikatazama. Dagaa mchele wa kwetu pua yake imetokeza mbele ya taya la chini, na mdomo umepasuka hata nyuma ya jicho. Huyu mdomo wake ni mfupi, umeelekea juu. Na tumbo ni laini, halina meno ya msumeno kama la simu. Kumbe ni dagaa wa Ziwa Victoria, yule ambaye Kenya huitwa omena na Uganda mukene! Mfaransa Pellegrin alimweleza kitaalamu mwaka 1904, na leo wataalamu humwita Rastrineobola argentea. Wala hana ujamaa na dagaa wa bahari. Yeye yu karibu zaidi na ningu. La ajabu ni kwamba dagaa wa Kigoma, aishiye katika maji baridi ya Ziwa Tanganyika, ndiye wa ukoo mmoja na simu wetu. Nami nilikuwa nimekwisha kuapa.

Shemeji aliporudi nilimweleza. Hakunilaumu, alileta daftari, tukahesabu ile ziada. Vijana wawili tuliwapata siku ya pili, wakacheka, wakasema dagaa walikuwa watamu vivyo hivyo. Wa tatu alikwisha hamia machimbo mengine, na hapana aliyejua ni yapi. Fedha yake ningali nayo, nimeifunga kitambaani, na kila aendaye Geita humpa sifa za kijana yule.