Hayo Si Maji ya Mkoani

Mkoani, Pemba

Mpwa wangu kipenzi,

Sisi sote wazima. Goti la mama yako limempa nafasi, karafuu zinaanikwa, na yule paka wako bado anaiba dagaa.

Mtoto wa jirani amenionyesha picha yako kwenye simu, umesimama kando ya ziwa Windermere na wenzio wa chuo, miti nyuma yenu imeshaanza kupukutika. Nikaivuta picha kwa vidole mpaka nikaiona midomo yako ilivyogeuka rangi. Mama yako akasema labda umekula zambarau. Uingereza kuna zambarau?

Usiku ule sikulala, nilijua ni baridi ya maji. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikataza kukufundisha kuogelea. Nikakufundisha kwa siri, pale karibu na gati, nawe una miaka sita. Likikupata la kukupata, lawama zote ni zangu. Na nilikufundisha vizuri, hilo sioni haya kulisema, hakukuwa na mtoto wa rika lako wa kukupita. Lakini nilikufundisha kwenye maji ambayo mtu anayaingia kama anavyoingia chumbani kwake. Ya huko, yakishuka chini ya nyuzi 15, wenyewe wanayaita maji baridi na wanayaogopa. Wewe ni nani usiyaogope?

Nikwambie jambo ambalo hapa nyumbani halijui mtu. Mwaka 1978 meli yetu ilifunga gati Hull, huko huko Uingereza, mwezi wa Aprili. Jua lilikuwa linawaka, nami nikadhani jua ni jua. Mabaharia wenzangu wakanitania, eti watu wa visiwani tunajua kuogelea kweli au ni maneno ya barazani? Nikavua shati nikajitupa. Mwanangu, kifua kilibana kama kimefungwa kamba ya nanga. Pumzi ikaingia yenyewe, sikuivuta mimi, na mdomo ulikuwa ungali chini ya maji. Nikameza maji yenye ladha ya dizeli. Mimi niliyekuwa nikivuka mkondo kwa mikono yangu, nikawa napapatika kama kuku aliyeangukia kisimani. Mtu mmoja wa Lamu akanirushia boya, vidole vikakataa kukunja. Nilipitisha mkono mzima mpaka kwapani, ndivyo walivyonivuta.

Na hapo hayakwisha. Wakanipeleka moja kwa moja bafuni, wakanifungulia maji ya moto. Nikazimia, nikajipasua nyusi kwenye ukingo wa sinki. Nahodha akanikata mshahara wa siku mbili, na mpaka leo naona alinionea, boya lenyewe halikupotea.

Baadaye ndipo nikaelewa. Mwili ukitoka kwenye maji ya baridi unaendelea kupoa kwa ndani kwa muda, na maji ya moto ya ghafla yanaiangusha presha. Kwa hiyo kilicho muhimu zaidi katika mkoba wako ni cha kukungoja nchi kavu. Chukua taulo kubwa, fulana mbili tatu za kuvaa moja juu ya nyingine, sweta, kofia ya sufu, soksi nene, na chupa ya chai ya tangawizi yenye sukari. Zipange kwa utaratibu wa kuvaa, ya kwanza iwe juu, na usichukue nguo ya vifungo vidogo vidogo, maana vidole vitakukataa kama vilivyonikataa mimi. Chukua na kipande cha mkeka cha kusimamia. Vaa haraka, kaa, kunywa chai. Kuoga kungoje mpaka umeacha kutetemeka.

Cha kuingia nacho majini ni suti ya mpira inayokubana. Vazi lako la stara livae, sina neno, ila lisipwaye, kitambaa kipana kinabeba maji. Viatu vya mpira na glavu, kofia ya rangi kali, na lile boya la chungwa la kufunga kiunoni na kulivuta nyuma, ili mwenye mashua akuone. Usije ukalifanya mtumbwi, kazi yake ni kuonekana. Kipenga kitundike shingoni.

Usiingie peke yako. Abaki mtu ufukweni mwenye simu, anayejua kupiga 999 na kueleza mko wapi. Ukiona utando wa kijani juu ya maji, rudi nyumbani.

Na usiruke! Ingia polepole, jimwagie maji usoni na shingoni, ungoje pumzi zitulie. Ukitumbukia bila kutaka, lala chali, masikio yazame, uelee tu. RNLI, waokoaji wa baharini wa huko, ndivyo wanavyofundisha, na hazipiti dakika mbili pumzi inarudi. Mimi mwaka ule hakuwepo wa kuniambia. Windermere ina kina cha zaidi ya mita 60, utakanyaga wapi?



Nitumie picha ya mkoba ukiwa wazi, nione kila kitu kimo. Mama yako akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimeandika habari za masweta. Kovu la nyusi yangu ni la winchi, miaka yote hii ni la winchi, na liendelee kuwa la winchi.

Mjomba wako