Kisiwa Kimoja, Safu Moja

Katika kikao kimoja cha kamati ya msikiti wetu, hapa Mji Mkongwe, tuliulizwa swali lililotunyamazisha: waumini wetu hasa ni nani? Jamaa wengi wa mtaa wamehamia Fuoni, Mwera na Mwanakwerekwe, na nyumba walizoziacha zimegeuka kuwa za wageni. Sala ya Alfajiri hatutimizi safu mbili. Ijumaa msikiti hujaa, lakini wengi ni wachuuzi na mafundi waliotoka shamba, Pemba na Bara. Baadhi yetu walitaka mambo ya msikiti yaamuliwe na wenyeji peke yao.

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa tukitazame kisiwa chenyewe. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, nayo haifanani kote. Upande wa magharibi ardhi ina kina na rutuba. Huko ndiko kwenye mikarafuu, minazi na mabonde ya mpunga. Upande wa mashariki na kusini ni mawe ya matumbawe yenye udongo haba, na watu wake wameishi kwa kuitegemea bahari: uvuvi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kilimo cha mwani ambacho akina mama wa Paje na Jambiani wamesomeshea watoto.

Watu nao ni hivyo hivyo. Wahadimu wa kusini na Watumbatu wa kaskazini wana lahaja zao, na walikuwapo kabla Mji Mkongwe haujawa mji mkubwa. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa hiyo Uislamu wa kisiwa hiki haukuanzia kwenye majumba ya mjini. Shamba uliswaliwa karne nyingi kabla.

Na mjini je? Wakaja Waomani, Wahadhrami, Wahindi, Wangazija na watu wa Bara, na wako walioletwa kwa minyororo ya utumwa, jambo lisilofaa kufichwa. Hata masheikh tunaojifakharisha nao walitoka ng'ambo. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi hapa, alizaliwa Ngazija. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyesomesha Ukutani, alizaliwa Lamu. Lau wazee wetu wangewauliza uenyeji wao kabla ya kuwapa nafasi, ni elimu gani tungeirithi?

Basi jibu letu kikaoni lilikuwa hili: muumini wa msikiti ni yule anayeswali ndani yake. Mchuuzi kutoka Makunduchi na fundi kutoka Tanga wana haki ya kusikilizwa sawa na mwenye nyumba ya urithi mtaani. Surat al-Hujurat inatufunza kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na hatuwezi kujuana iwapo mmoja wetu anabakishwa mlangoni.

Tunawausia wazazi: siku za mapumziko, wapelekeni watoto Kizimkazi, Nungwi na Tumbatu. Waamkieni wazee wa huko, muwasikilize wanavyosema. Na mkirudi msikitini, muulizeni jina aliyesimama begani mwenu. Wabillahi tawfiq.