Bunduki Inayopokea Mwanga

Wenzangu, leo nataka tuongee juu ya bunduki. Msishtuke, ni ile ya plastiki ya kupigia bata kwenye TV. Mliocheza gemu za kaseti mnaijua: una risasi tatu, bata wanaruka kutoka kwenye majani, ukiwakosa yule mbwa anatokea kukucheka. Gemu inaitwa Duck Hunt. Nintendo waliitoa Japani mwaka 1984, na mwaka 1985 ikafika Marekani, ambako bunduki yake iliitwa Zapper.

Kwenye chumba chetu cha vijana tuna mashine ya zamani ya namna hiyo na TV ya chogo, na watu wamegawanyika. Wazazi wengine wanasema watoto waliokimbia bunduki wasipewe bunduki ya kuchezea. Wana haki ya kusema hivyo. Wadogo zetu wengine wameisikia milio ya kweli.

Mimi nikatafuta kwanza hiki kitu kinafanyaje kazi. Kumbe ile bunduki hairushi kitu chochote kwenda kwenye TV. Ndani ya mtutu kuna kijicho cha kupokea mwanga. Ukifyatua, kioo cha TV kinakuwa cheusi chote, haraka sana, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Kijicho kikiona giza kisha mwanga, umepiga. Bata wakiwa wawili, kila mmoja anapewa mraba wake kwa zamu, ndiyo mashine inajua umempiga yupi. Ukitaka kuidanganya kwa kuielekeza kwenye taa ya chumba, haikubali, maana taa haizimiki kwanza. Na kwenye TV bapa za siku hizi haifanyi kazi, kwa sababu picha inachelewa kidogo na gemu yenyewe haisubiri.

Nikawaeleza watoto. Mmoja wa miaka kama tisa, ambaye alikuwa hataki hata kuishika, akaisogelea akauliza, "Kaka, kwa hiyo anayemulika ni bata?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Siku ile hakucheza, alikaa kuwahesabia wenzake bata, na hakuna aliyemlazimisha.

Lakini wazazi nao hawajatia chumvi. Zapper za kwanza kule Marekani zilikuwa za kijivu. Mwisho wa miaka ya 1980 zikageuzwa kuwa za rangi ya machungwa, wakati sheria ya kule ilipotaka bunduki za kuchezea zisifanane na za kweli. Yaani hata huko waliona umbo peke yake linaweza kuleta balaa. Ya kwetu ni nyeusi tii. Nimependekeza tuipake rangi.

Mapendekezo yangu mengine ni haya. Mtu asielekezewe ile bunduki, hata kwa utani. Kila mtoto aelezwe inavyofanya kazi kabla ya kucheza. Akisema hapana, aachwe, apewe karata au mpira. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuiondoa au kutuletea nyingine, kaeni na watoto muwaulize wenyewe. Wanajua kueleza kinachowatisha, wakipata mtu wa kuwasikiliza.

Mlioko kambi zingine, kwenu mmeamuaje? Tuandikieni.