Karatasi ya Mtoto wa Watu

Hapa Goma, mtoto usiyemzaa lakini anakula na kulala kwako anaitwa mtoto wa watu. Msemo huo una onyo ndani yake. Mtoto ana wenyewe, hata kama hawaonekani, na siku moja wanaweza kuja kuuliza. Ndiyo maana mama akimchapa mtoto wa namna hiyo kupita kiasi, jirani humwambia kwa sauti ya chini: "Mama, huyo ni mtoto wa watu." Hahitaji kuongeza neno.

Mji wetu una mazoea ya kulea watoto wa watu. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu katika siku chache na kipindupindu kikawashukia, watoto wengi walibaki peke yao barabarani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena usiku, watu wakakimbilia Sake na Gisenyi, na UNICEF ikatangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao. Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, barabara ya kuja Goma ilijaa magodoro, mbuzi na watoto walioshikana mikono na watu wasiowajua. Kila safari palikuwa na mama aliyesema, "Huyu mlete kwangu kwanza."

Siku hizi ukarimu huo una karatasi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto katika nchi yetu, inakubali kwamba mtoto aliye katika hali ngumu awekwe katika familia au katika kituo kilichoidhinishwa, na inampa hakimu wa watoto sauti katika jambo hilo. Mashirika yanayofanya kazi hiyo yana orodha ya familia za kupokea. Mfanyakazi wa jamii anakuja, anaangalia mahali pa kulala, anauliza wanaoishi nyumbani ni wangapi, anazungumza na shefu wa avenyu, kisha mlezi anatia sahihi. Si leseni kama ile ya Marekani, ambako kila jimbo linaandikisha nyumba za walezi. Hata hivyo inafanana nayo kwa jambo moja kubwa: aliyeitoa anaweza kuichukua tena.

Niliwahi kuisoma karatasi ya kuichukua tena. Ilikuwa ya jirani yetu, upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji. Alikuwa amempokea mvulana wa miaka minane aliyefika na msafara wa kutoka Masisi, akamchanganya na watoto wake watatu. Alikuwa akiuza ndizi na mkaa, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Miezi saba baadaye mtoto akachukuliwa, akapelekwa kwa familia nyingine upande wa pili wa mji. Mama akabaki na barua ya Kifaransa, na kwa kuwa mimi nasoma lugha chuoni, akaniletea.

"Mwanangu, unisomee. Pole pole."

Nikasoma. Barua ilikuwa fupi: mlezi anaondolewa katika orodha kwa sababu ya ukosefu wa surveillance. Nikasimama hapo. Kwa Kifaransa neno hilo halina shida. Lakini kwetu mtoto hupata surveillance mahali pawili hasa: kwenye mtihani wa serikali, ambako mwalimu huzunguka kati ya madawati asubiri kukamata mwenye kunakili, na gerezani. Mama asingeelewa kitu. Nikatafuta neno letu.

"Wanasema hukumchunga, mama."

Alikaa kimya kidogo. "Na maji, nani angeleta?"

Kuchunga ni neno zito kuliko surveillance. Tunachunga ng'ombe, tunachunga nyumba wakati wenyewe wako shambani, tunachunga maneno yetu mbele ya wakwe. Anayechunga hakai tu akitazama. Anajua jani gani ni sumu na mto unajaa saa ngapi. Na kwetu Goma kumchunga mtoto kunadai ujuzi ambao mlezi wa mji mwingine hauhitaji, kwa sababu hapa hata hewa inaua.

Nazungumzia mazuku. Wataalamu wa volkeno wa dunia nzima wamelichukua neno hilo la kwetu na kuliandika katika makala zao bila kulitafsiri. Ni gesi ya kaboni dioksaidi inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na katika mashimo ya mawe ya lava, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haionekani. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, wakati mbuzi na mtoto wanazama ndani. Eneo kati ya Goma na Sake lina mashimo mengi ya namna hiyo, na ndiko wakimbizi wengi walikojenga vibanda vyao. Wenyeji wanajua pa kupita. Mtoto aliyetoka milima ya Masisi hajui.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Watoto wanne walitumwa maji ziwani alfajiri, mama akiwa amekwisha kwenda sokoni. Yule mgeni akateremka kando ya njia kujisaidia, akaanguka. Wenzake walipiga kelele, kijana mmoja aliyekuwa akisukuma chukudu akaziba pumzi, akamtoa. Mtoto akapona. Siku ya nne mfanyakazi wa jamii alifika, akaandika, na wiki haikuisha kabla mtoto hajaondoka.

Kwenye avenyu yetu watu walikasirika. Walisema mama yule ana moyo mwema, na kwamba waliomchukua mtoto ndio walioshindwa kumletea hata sabuni. Yote mawili ni kweli, lakini hayajibu swali. Moyo mwema hauondoi gesi shimoni. Mtoto yule alikaribia kufa, na shirika lililompeleka katika nyumba ile lilikuwa limetoa ahadi kwake kabla ya kutoa ahadi kwa yeyote mwingine. Kama tunasema familia ni yake nusu na ya watu nusu, basi watu wana haki ya kuuliza. Wazee wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na anayeikubali kazi hukubali pia kukaguliwa.

Linalonisumbua liko pengine. Watoto watatu aliowazaa mama yule walipita njia ile ile, alfajiri ile ile, na bidoni zile zile. Kesho yake wakapita tena. Hakuna aliyekuja kuwaandika. Kama nyumba ni ya hatari kwa mtoto mmoja, inakuwaje ni salama kwa watatu? Jibu la ofisini ni kwamba hao hawana karatasi. Lakini kumhamisha mtoto mmoja hakukubadilisha chochote njiani. Shimo lilibaki bila bango wala jiwe la alama, na bomba la maji halikuja. Barua ilikuwa imetaja kosa la mama. Haikutaja hatari yenyewe.

Neno surveillance linatusaidia kuficha tofauti hiyo, na kuchunga pia, tusipokuwa waangalifu. Chini ya neno moja tunaweka mambo mawili. Kuna mlezi anayejua hatari, ana uwezo wa kuizuia, lakini hajali: analewa, anamwacha mtoto nje usiku, anamtuma mtoto wa watu mahali ambapo wake hawaendi. Huyo anyang'anywe karatasi siku hiyo hiyo. Na kuna mlezi ambaye hana namna, kwa sababu akibaki nyumbani kuwachunga hawatakula, na akienda sokoni hawatachungwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia. Iliandikwa kwanza kwa ajili ya wazazi waliozaa, lakini sioni kwa nini hoja yake iishie mlangoni kwa mama anayelea.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiitwa bado Zaire, unakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 25 kinampa mtoto aliyewekwa mahali na wenye mamlaka haki ya kuangaliwa upya mara kwa mara: anaendeleaje, na mahali pale bado panamfaa? Haki hiyo ni ya mtoto. Kutembelewa, basi, si zawadi ambayo ofisi inatoa inapopata mafuta ya pikipiki. Jirani zetu wa Uganda wameweka katika kanuni zao za malezi kwamba ofisa lazima aitembelee nyumba katika vipindi vilivyopangwa, na ofisa huyo huyo ndiye anayeweza kumtoa mtoto. Mambo hayo mawili yanatembea pamoja, na hilo ni sawa. Nani atahukumu uangalizi wa nyumba ambayo yeye mwenyewe hakuiangalia?

Katika miezi ile saba, mgeni mwenye kalamu hakuwahi kuonekana kwa jirani yetu. Angekuja mara moja tu, alfajiri, akafuatana na watoto mpaka ziwani, angeliona lile shimo. Angeweza kumwambia mama abadilishe saa, kuomba shefu wa avenyu aweke alama, au kupatana na jirani asiyetoka mapema awatazame watoto wote wa ua. Pengine baada ya hayo yote angemtoa mtoto vilevile. Lakini angemtoa akiwa na la kusema.

Nchi zenye leseni kamili si lazima ziwe na walezi bora kuliko wetu. Zina kitu kingine: ofisi ikitaka kufuta leseni, inapaswa kueleza sababu, na mlezi ana mahali pa kwenda kuipinga. Utaratibu huo unamlinda mtoto pia. Mlezi anayejua atasikilizwa huripoti ajali mwenyewe. Anayejua atanyang'anywa bila neno huficha. Tangu barua ile ifike, nimesikia mama wengine wa avenyu wanaolea watoto wa watu wakiambizana kwamba mtoto akianguka, usiwaite watu wa shirika. Mwite nesi, funga mdomo. Kwa hofu hiyo mtoto anayefuata atakuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko yule wa kwanza.

Tangu Januari 2025 hali ya mji imegeuka tena, kambi zimefungwa, na watoto wengine wametengana na wao. Familia zinazopokea zinatafutwa haraka, na karatasi zinaandikwa haraka. Sidai mambo ambayo mji wenye vita hauwezi. Nadai matatu yanayowezekana kwa miguu na kwa kalamu. Kwanza, kabla mlezi hajatia sahihi, aonyeshwe hatari za mahali pake kwa majina yake: mazuku, ziwa, mabomu yaliyosalia, barabara. Pili, atembelewe, na siku ya kutembelewa iandikwe. Tatu, akiondolewa, barua iseme nini kilitokea, lini, na nini kilishindikana, kwa lugha ambayo yeye anaielewa bila kutafuta mwanafunzi wa chuo.

Hilo la tatu ni kazi yetu sisi tunaosoma lugha. Mashirika mengi ya mji huu huzungumza na mama kwa Kiswahili na kumwandikia kwa Kifaransa, kana kwamba kusikia ni kwake na kusoma ni kwa wengine. Barua inayomnyang'anya mtu mtoto haipaswi kuwa na neno hata moja ambalo hawezi kulijibu. Na mtoto naye ana umri wa kuulizwa akiwa na miaka minane. Katika karatasi niliyosoma palikuwa na jina lake, umri wake na kijiji chake. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema yeye alitaka kulala wapi.